Namba Nane kwenye Tiketi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Awuor alimwekea bibi yake kiti mlangoni, pale jua linapoanza kuingia. Bibi huyo wote walimwita Dani, kama watoto wa huko wanavyowaita bibi zao. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Jua la asubuhi lilipoingia vizuri, aliweza kuona uso wa mtu aliye karibu, na hata kuokota mawe kwenye maharagwe. Jua likihamia nyuma ya nyumba, watu wote walibaki vivuli. Aliwatambua kwa sauti na kwa namna wanavyokanyaga.

Awuor alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba hiyo ya Nyamasaria, nje kidogo ya mji. Alisoma maandishi ya chupa ya dawa, ya pakiti ya mbegu, na ya karatasi za kanisani. Mjomba wake Dishon, aliyepakia mizigo kwenye stesheni ya reli mjini Kisumu, alisoma Dholuo, lugha ya kwao, kidogo tu, na Kiingereza hakukijua. Majirani walizoea kumtania Awuor wakimwita Madam. "Madam, hebu nisomee hapa," wangesema, na Awuor angesoma. Jina hilo alilipenda kuliko alivyotaka watu wajue.

Mama yake, Seline, alifariki mwaka uliotangulia kule Luanda Kotieno, alikokuwa akinunua samaki ufuoni na kuwakausha. Aliugua ghafla. Habari ilichelewa njiani, na Dani alipofika alikuta jeneza limeshafungwa. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Seline alikuwa akisema atakwenda kwa mpiga picha siku atakapopata nguo inayofaa.

Lakini kulikuwa na mchoro. Kabla Seline hajaugua, mchoraji mmoja wa mjini, Bwana Muhidin, aliishi Luanda Kotieno msimu mzima akiwachora wanawake wakipokea samaki kutoka kwenye mitumbwi. Wavuvi walimcheka, wakamwuliza kama huko kwao hakuna kazi ya watu wazima. Yeye alichora tu, kwa rangi, kwenye mbao pana zilizounganishwa hadi zikawa kama ukuta. Seline alikuwa mmoja wa wanawake hao. Sasa, mwaka wa 1971, mchoro ulikuwa umepata sifa kubwa. Ulitajwa kwenye redio, na watu walitoka Bondo na hata Kakamega kuja kuutazama katika ukumbi mmoja mjini Kisumu. Walikuja wengi mno, wakasukumana hadi kioo cha dirisha kikavunjika. Basi ikaamuliwa kwamba kila anayetaka kuingia achukue tiketi mapema, na kila tiketi iwe na saa yake. Jumamosi ndiyo ingekuwa siku ya mwisho. Jumapili mchoro ungepakiwa kwenye treni kwenda Nairobi, na kutoka huko ungevuka bahari.

Dani aliposikia hayo alimwambia Dishon neno moja tu, kwamba anataka kuuona uso wa mtoto wake kabla ukungu haujafunga kabisa. Dishon akaenda kupanga foleni kwenye dirisha la tiketi wakati wa chakula cha mchana. Jioni alirudi na tiketi moja ya watu watatu, akaitoa mfukoni kama mtu anayetoa yai. Alieleza kuwa mama wa dirishani alimwuliza maswali mengi kuhusu macho ya Dani. Kisha akampa saa ambayo, alivyosema, ndiyo nzuri kwa macho kama hayo. Ni saa gani hasa, Dishon hakuuliza. Watu walikuwa wakimsukuma kwa nyuma, na nyumbani kulikuwa na Madam.

Awuor akaishika tiketi karibu na taa. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Jumamosi aliisoma vizuri, na watu watatu akawasoma vizuri. Penye saa palikuwa na namba 8, na baada yake herufi mbili ndogo, a na m. Hapo akasita.

Darasa lake lilifundishwa saa za Kiingereza wiki zile alizokuwa kwenye matanga ya mama yake. Aliporudi, wenzake walikuwa wameshapita hapo. Mara moja mwalimu alimwuliza saa ya ukutani, akajibu vibaya, na rafiki yake Nabwire akacheka pamoja na wengine. Tangu siku ile hakuuliza tena. Sasa alizitazama zile herufi mbili, akazipangia maana yeye mwenyewe. M ni mchana, na a bila shaka ni alasiri. Nane ni nane.

"Saa nane mchana," akasema.

Dani akasema kuwa mchana macho yake hayafai kitu, na inakuwaje mama yule achague saa hiyo na aiite nzuri. Akamwomba Awuor aende na tiketi shuleni kesho yake, Ijumaa, amwonyeshe Mwalimu Wakhisi.

Ijumaa Awuor aliibeba tiketi ndani ya kitabu cha hesabu. Wakati wa mapumziko alimwona Mwalimu Wakhisi amesimama nje ya darasa, na Nabwire na wasichana wengine wamemzunguka wakionyesha kazi zao. Alisogea, akasimama nyuma yao. Mwalimu alimtazama, akamwuliza kama ana shida. Awuor alifikiria vile wangecheka.

"Hapana, Mwalimu," akasema, akaondoka.

Jioni Dani alimwuliza, hata kabla hajaweka kitabu chini. Awuor akajibu kuwa amemwuliza mwalimu, na mwalimu amesema ni saa nane. Dani akamshukuru. Usiku ule Awuor aliitoa tena tiketi kitabuni, akaitazama, akairudisha.

Jumamosi Dani aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Alioga, akajipaka mafuta, akavaa kitambaa cheupe cha kanisani, akakaa kwenye kiti chake mlangoni. Jua lilipoingia alimwita Awuor, akamshika kidevu, akamtazama usoni kwa muda mrefu. Alisema leo macho yake yanaona vizuri. Angalia, alisema, namwona hata huyu chawa wa kuku kwenye nywele zako. Dishon akacheka. Chawa hakuwepo, ilikuwa ni furaha tu. Dani akauliza kama hawawezi kwenda sasa hivi, wakangojee huko huko. Awuor akamwambia saa nane bado iko mbali, atachoka bure kwenye foleni.

Kwa hiyo walikaa. Jua likapanda. Dani aliendelea kukaa wima pale mlangoni ili asikunje nguo, mpaka kivuli kikamfikia miguuni.

Mchana Dishon alimpakia Dani kwenye keria ya baiskeli na kuisukuma polepole hadi mjini, Awuor akitembea kando na kumshika mkono. Nje ya ukumbi foleni ilizunguka jengo. Mlangoni alisimama askari wa zamu, Bwana Khaemba, mtu mrefu mwenye koti lililomfupika mikononi. Aliichukua tiketi, akaitazama, akamtazama Dani, kisha akaitazama tena.

"Mama," akasema taratibu, "hii ilikuwa ya saa mbili asubuhi. Watu wa saa hii waliingia zamani, wakatoka."

Dishon alimwambia asome vizuri. Khaemba akasema amesoma, na hakuna anayeweza kuingia na tiketi ambayo saa yake imepita, la sivyo hata hawa wa foleni watamvunja mbavu. Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema kwa sauti kuwa watu wa mashambani siku zote hufika kanisani wakati wa sadaka. Wengine wakacheka. Dishon akapandwa na hasira. Alisema tiketi imesomwa na mwalimu wa shule, mwalimu mzima, na je, askari wa mlango anajua Kiingereza kumshinda mwalimu? Akasema anajua mchezo huu. Nafasi ya mama yake amepewa mtu mwingine, na atakwenda kwa mkubwa wa ukumbi sasa hivi, Khaemba alale leo bila kazi.

Khaemba alivuta mikono ya koti lake chini, ikarudi juu tena. Awuor aliona midomo yake inatetemeka kidogo. Mlango ulifunguliwa, na mama mmoja akatoka kuuliza kelele ni za nini. Dishon alimtambua. Ndiye yule wa dirishani, Bi Kadija.

Awuor akajikuta amesimama kati yao.

"Mjomba, mwache," akasema. "Mwalimu hakusoma. Sikumwuliza. Nilisema uongo."

Dishon alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. Awuor akaeleza yote pale pale, mbele ya foleni: namba nane, m ya mchana, na Nabwire aliyecheka. Safari hii hakuna aliyecheka, hata yule mwanamke wa foleni. Bi Kadija akasema kwa huzuni kuwa nane ya Kiingereza ni saa mbili yetu, na zile herufi maana yake ni kabla ya adhuhuri. Alikuwa amewapa saa ile kwa makusudi. Madirisha ya ukumbi yanatazama mashariki, na asubuhi jua huingia likauangaza mchoro wote.

Dishon akamwomba Khaemba msamaha, kichwa chini. Khaemba akampa mkono, akasema yamekwisha, bwana. Dani alikuwa bado ameshika kishikio cha baiskeli, kitambaa chake cheupe kimeanza kushika vumbi.

Bi Kadija hakuweza kuwaruka waliokuwa wamepanga foleni tangu mapema. Aliwaambia wangoje. Kundi la mwisho likitoka, kabla mafundi hawajaanza kufunga mbao, atawaingiza. Wakakaa ukingoni mwa barabara. Khaemba alimletea Dani kiti chake mwenyewe, akasimama muda wote uliobaki. Makundi yaliingia na kutoka, watu wakitoka wanaongea juu ya rangi za maji na jinsi samaki wanavyong'aa kama hai. Kila walipopita, Dani aligeuza uso kuwasikiliza. Awuor alitamani bibi yake ampige, au amgombeze. Hakufanya hivyo.

Walipoingia, ukumbi ulikuwa na giza la jioni. Bi Kadija aliwasha taa, lakini ilikuwa moja, juu sana, na mwanga wake ukateleza kwenye rangi. Dani alipelekwa mbele kabisa. Aliinua uso, akausogeza hadi karibu pua iguse mbao. Akaufuata mchoro kwa kichwa, kushoto, kulia, halafu kushoto tena.

"Naona buluu," alisema. "Hapa kuna buluu. Hapa pengine ni mtu."

Alingoja kidogo, kana kwamba ukungu ungeondoka akiungoja. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akatafuta bega la Awuor kwa mkono.

"Basi, nisomee," akasema.

Awuor aliwatafuta wanawake wa ufuoni mmoja mmoja mpaka akampata mama yake. Alimtambua kwa nguo yake ya kijani. Uso wa Seline haukuonekana. Alikuwa ameinama juu ya kapu, na mkono wake ulikuwa umeuficha uso wote isipokuwa sikio. Dani alikuwa anangoja. Ingekuwa rahisi sana kusema kwamba mama anatabasamu, amegeuka anatutazama. Hakuna ambaye angejua. Dishon alikuwa amegeukia ukutani akifuta macho.

"Dani, uso wake hauonekani," Awuor akasema. "Ameinama. Mkono umeuziba. Sikio tu ndilo naliona."

Vidole vya Dani vilibana bega lake.

"Endelea."

Awuor akasoma kila alichokiona. Nguo ya kijani iliyofifia. Kitambaa kilichofungwa nyuma. Samaki mmoja ametoka mkia kwenye kapu. Maji yamefika mpaka kwenye vifundo vya miguu ya wenzake. "Lakini yeye amesimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili ameuinua, anajikuna nao nyuma ya ule mwingine."

Dani alitoa sauti ambayo Awuor hakujua kama ni kicheko au kilio.

"Ni yeye," akasema. "Hivyo ndivyo alivyosimama tangu akiwa mdogo, akiumwa na mbu. Nilimgombeza sana, nikamwambia ataanguka na kapu." Akalia kwa muda, bila haraka, na Bi Kadija akawaambia mafundi wangoje nje.

Alipotulia, Dani aliongea na Awuor polepole, ili kila neno limfikie.

"Ungeniambia anatabasamu, ningejua unanidanganya. Seline hakuwahi kutabasamu akiwa kazini. Na nisingekuamini hata ungeniambia habari ya mguu. Uliposema uongo jana, uliniibia asubuhi yangu, na asubuhi ile hairudi. Sasa hivi umenipa mtoto wangu, kwa sababu umesema ulichokiona na hukuongeza kitu. Mtu asiyejua si mjinga, Awuor. Aseme sijui, afundishwe. Anayeficha kutojua kwake ndiye anayewaumiza wanaomtegemea. Umesikia?"

Awuor akasema amesikia.

Mafundi waliingia na mablanketi. Wale watatu walisimama mlangoni pamoja na Khaemba, wakatazama mbao zikifunikwa moja baada ya nyingine, mpaka ile ya Seline ikafunikwa.

Jumatatu, darasa likiwa limejaa, Awuor aliinua mkono, akasema hajui saa za Kiingereza, akaomba afundishwe. Nabwire akacheka kidogo, halafu akanyamaza, maana Mwalimu Wakhisi alikuwa tayari anachora saa ubaoni.

Macho ya Dani yalifunga kabisa kabla ya mvua za vuli. Jioni nyingi, taa ikishawashwa, alimwomba mjukuu wake amsomee tena mchoro. Na kila mara Awuor alianza na mguu.