Matairi ya Njia ya Kamituga

Tairi lilimponyoka Floribert mlangoni pa depo yake ya matairi, likashuka mteremko wa mtaa wa Nyawera likiruka-ruka kati ya wauza mikate na wabadilisha fedha. Watu wakakimbia. Mwanamke mmoja alikunja kitenge chake cha njano, akalingoja lipungue kasi, akalisukuma kwa kiatu cheupe. Likaanguka mferejini.

"Pole, maman!" Floribert alifika akihema. "Kiatu yako imechafuka yote."

"Itafuliwa. Ni weye unauzisha pneu, haya matairi? Nilikuwa nakuja kwako."

Aliitwa Colombe, msimamizi wa magari katika shirika dogo la afya. Tangu vita vianze hakuna aliyeitengeneza barabara ya Kamituga, na malori yalikuwa yameichimba mashimo ya kumeza mtu. Shirika lilipata Land Cruiser kuukuu. Sasa lilitaka magurudumu.

Floribert alimwonyesha matairi mapana yenye jante, yaani rimu, za aluminiamu zinazong'aa, kisha membamba yenye jante nyeusi za chuma.

"Hii nyembamba," alisema Colombe kabla hajaulizwa. "Inakata matope, inafika ku udongo ya nguvu chini. Ile ya pana inateleza juu juu."

"Na jante ya chuma ikikunjika, unaipiga nyundo. Aluminium inapasuka." Floribert alicheka. "Unataka kuninyanganya kazi, chérie?"

"Chérie? Nimekuwa mupenzi haraka hivyo?"

Floribert aliandika jina la Colombe kwa chaki juu ya yale membamba, yamngoje mpaka shirika litume gari. Lakini Colombe alirudi kesho yake bila gari, na kesho kutwa pia. Wakala samaki wadogo wa sambaza pamoja kando ya ziwa, wakipigiana simu kila asubuhi kama watu wanaoamkiana katika chumba kimoja.

Kilichomtafuna Floribert ni simu nyingine. Ililia katikati ya chakula, katikati ya busu. "Allô, docteur," Colombe angesema, akainuka kwenda kuongea pembeni. Docteur ni Stanislas, daktari wa shirika, mrefu, suti ya kaki iliyopigwa pasi, manukato yanayobaki mahali akishaondoka. Jumapili moja Floribert aliwaona wakitoka kanisani, mkono wa daktari mgongoni mwa Colombe. Hakuuliza kitu. Alirudi nyumbani.

Wiki ile Colombe alikwenda Nyangezi kumwona mama yake mgonjwa. Stanislas akaleta Land Cruiser depo mwenyewe.

"Hizi za pana," alisema akipapasa aluminiamu. "Gari ya shirika iwe na heshima. Tunaenda Kamituga kesho."

Matairi yenye jina la Colombe yalikuwa pale pale ukutani. Floribert alifungua mdomo. Akayanusa yale manukato, akaufunga.

"Umechagua muzuri, docteur," alisema, akayafunga mapana kwa mikono yake.

Asubuhi simu ililia.

"Flori, niko Nyangezi. Docteur amefika kunichukua. Juu ya nini umemupatia pneu ya pana?"

Floribert aliruka kitini. "Weye pia unaenda?"

"Bamama ba kuzaa ku maternité ya Kamituga banangojea dawa, hatuwezi kurudi. Flori?"

Laini ikakatika. Floribert alitupa magurudumu membamba nyuma ya pikapu yake, akaondoka bila kufunga depo.

Aliwakuta mbali kupita mji wa Walungu, mvua ikinyesha. Gari lilikuwa limelala upande kwenye ukingo wa korongo, jante moja imepasuka. Askari walikuwa wamepita, wakabeba nusu ya masanduku ya dawa. Colombe alikuwa na matope mpaka kiunoni.

"Nilijua," Floribert alisema. "Nilijua itateleza, nikanyamaza. Nilikuona ku cathédrale, mukono yake mugongoni mwako."

Colombe alipangusa matope usoni. "Siku ile aliniomba anioe. Nikamukatalia, nikamuambia kuko mutu wangu. Ungeniuliza tu, Flori! Sasa ile dawa imeenda, bale bamama nitabaambia nini?"

Stanislas, aliyesikia yote, alimpa Floribert ufunguo wa nati bila kumtazama. "Tufunge pneu," alisema. "Kuko bagonjwa."

Walilivuta Land Cruiser kwa pikapu, wakalifunga magurudumu membamba. Colombe alipanda bila kuaga, yeye na daktari wakaendelea Kamituga.

Mapigano yakaikata barabara nyuma yao. Simu ya Colombe haikupatikana tena. Floribert aliwawazia wawili wale Kamituga, wakila sahani moja chini ya taa moja, akauma meno. Kisha akawaza risasi, akatamani heri wawe wanakula hivyo, mradi wawe hai.

Barabara ilipofunguka tena, siku moja ya soko Floribert alisikia sauti mlangoni pa depo. "Papa ya pneu, uko?"

Alikuwa Colombe, amekonda, kitenge kimepauka. Floribert alitaka kumkumbatia, hakuthubutu.

"Bamama bawili balikufa," Colombe alisema. "Sijui kama dawa ingebaokoa. Sitasahau, na weye usisahau."

"Sitasahau."

"Ukiwa na wivu, utaniambia. Hata ikiwa ya bujinga."

"Nitakuambia."

"Basi dimanche hii, misa ikiisha, ukuye Nyangezi. Papa anataka kukuona. Usikuye peke yako, ukuye na batonton bako, bajomba na baba badogo."

Floribert alielewa maana yake: aende kuposa. Akamshika mikono yote miwili. Kisha akakohoa.

"Colombe... niko na wivu. Docteur atakuwa pale?"

Colombe akacheka mpaka machozi. "Atakuwa. Ni mimi nilimualika."

Floribert akameza mate. "Sawa," alisema. "Basi na mimi nitavaa suti."