Kitambulisho cha Marsiana

Kiti cha tatu kilikuwa kimelowa tena, na Ifakara haijaona mvua wiki ya tatu hiyo.

Balbina alikifuta haraka kwa kanga kabla wanafunzi hawajaingia. Ndiye msimamizi wa Spesho Rizevu kwenye maktaba ya chuo, lile kabati la vitabu vichache vinavyogombaniwa na wengi. Unaacha kitambulisho kaunta, unasomea humo humo saa mbili, unarudisha kitabu, unachukua kitambulisho chako. Basi. Balbina, jamani, alilijua hilo kuliko wote.

Mwaka jana mwalimu wa anatomia aliagiza nakala yake ya pekee ya kitabu cha somo hilo iwekwe humo, kila mtu apate zamu. Wiki ya mitihani akaja Marsiana, binti wa kijiji cha Idete.

"Shikamoo mama. Nitasubiri hata mpaka jioni."

"Marahaba. Kaa pale. Kikirudi nitakuita."

Kirudi wapi! Kilikuwa Katindiuka, nyumbani kwa Balbina, anakisoma Eveline, mtoto wa dada yake. Marsiana alikaa kiti cha tatu siku nne. Ya nne akaondoka analia, akasahau kitambulisho alichokiacha kaunta kushikia zamu. Alifeli, akadisko, chuo kikamwondoa, na akiwa njiani kurudi kwao mto uliofurika ukamchukua.

Sasa kila saa nane mchana feni ilijizima, harufu ya tope la majaruba ya mpunga ikapanda kutoka chini ya kaunta, na nyuma ya kabati pasipo na mtu kurasa zikaanza kufunuliwa, moja, nyingine, taratibu, kama za mtu anayetafuta sura asiyoiona, mpaka sauti ile ile ya adabu imfikie Balbina sikioni kabisa: "Mama, bado hakijarudi?"

Alimwita Mzee Mwinyimvua, muuza vitambaa wa sokoni anayejua visomo. Mzee alifukiza ubani, akasita.

"Huyu si wa kufukuzwa, mwanangu," alinong'ona. "Mnamshikia nini?"

Balbina akavuta droo, akamwonyesha kitambulisho.

"Mpelekee mama yake. Na useme ulichofanya, chote. Usiposema, hujarudisha kitu."

Jumamosi akaenda Idete. Mama yake Marsiana alikipokea kwa mikono miwili, akaibusu picha, akachinja kuku.

"Mwanangu alikusifu sana, dada. Alisema kuna mama pale maktaba anamsaidia."

Balbina alifungua mdomo. Mungu anajua, aliufungua. Kilichotoka ni, "Alikuwa mtoto mzuri." Kisha akala kuku wa watu, akala mpaka mifupa.

Jumatatu kiti cha tatu kilikuwa kikavu. Saa nane ikapita, feni inazunguka. Balbina akacheka peke yake kwa nafuu, akavuta droo kutafuta kalamu.

Mle ndani mlikuwa na kitambulisho, kimelowa, kimejaa tope. Alikifuta kwa kidole. Picha ilikuwa yake mwenyewe. Akapapasa kifuani, kamba ya kitambulisho chake cha kazi ipo, haina kitu.

Ng'ambo ya kaunta sauti ile ile ya adabu ikamwambia kwa upole, "Kaa pale, mama. Nitakuita."