Vigelegele vya Parkdale

Jumamosi ya mwisho ya Agosti duka la mitumba la Parkdale lilijaa watu kama kanisa siku ya Pasaka. Kina mama walipekua mashuka, wanafunzi walijaribu viatu, na feni kubwa ya dukani ilinguruma bila kupoza kitu. Katikati ya joto hilo Chepkoech, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Kericho, alikuwa amevaa koti zito la sufu, rangi ya zambarau, jasho likimtiririka shingoni.

"Dada, unasikia baridi?" sauti ikamuuliza kutoka juu.

Aligeuka akaona kifua. Akainua macho, akainua tena, ndipo akakutana na uso mpole wa kijana aliyebeba suruali nne mkononi.

"Niliambiwa koti la baridi hununuliwa wakati wa joto," alijibu. "Na wewe? Hizo suruali ni za mdogo wako?"

"Ni zangu."

"Jameni! Si zitaishia kwenye magoti?"

"Miye nikivaa suruali, watu wanazani ni kaptula," alisema yule kijana, na wote wawili wakacheka mpaka mwenye duka naye akatabasamu.

Jina lake lilikuwa Brice. Alizaliwa Bukavu, akakulia Etobicoke, mtaa mwingine wa jiji hilo hilo, ghorofa ya kumi na moja, pamoja na mama yake, Donatienne, aliyefanya kazi ya kutunza wazee. Alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu wa chuo kimoja kidogo cha Ohio, na wiki iliyofuata angevuka mpaka kurudi Marekani kwa msimu wake wa nne, ambao ndio wa mwisho. Hayo yote aliyasema akiwa amepiga magoti sakafuni, akitafuta kifungo kilichodondoka kwenye koti la zambarau. Alitafuta mpaka akakipata. Mtu asiyekujua akikutafutia kifungo chini ya meza za watu, moyo unaona.

Basi mapenzi yao yakakulia kwenye simu. Mechi zilianza Novemba, na Chepkoech, ambaye hakuwahi kuutazama mchezo huo, akajifunza kocha anapiga kelele kwa nini na mwamuzi anapuliza filimbi kwa nini.

"Leo umekosa mitupo huru miwili, mpenzi," alimwambia siku moja.

"Uliona? Chérie, nilitaka ukose hiyo sehemu!"

"Nilikuwa maktaba. Nikapiga ukelele, mlinzi akaja mbio. Nikajua nafukuzwa. Kumbe anataka kujua mnaongoza kwa pointi ngapi."

"Ukamwambia?"

"Nikampa kiti."

Krismasi ikapita, theluji ikarundikana. Mwezi wa kwanza Chepkoech alipata barua ya kazi kutoka hospitali ya Thunder Bay, mbali kaskazini, safari ya basi ya zaidi ya saa ishirini. Masomo yake yangekwisha Aprili.

"Sitawajibu mpaka msimu wako uishe," alimwambia Brice. "Tukae chini tuamue pamoja."

"Ahadi?"

"Ahadi."

Siku chache baadaye Brice naye akaleta ombi lake.

"Mechi ya mwisho ya nyumbani, sisi wa mwaka wa mwisho tunatembea mpaka katikati ya uwanja na watu wetu, tukiwa na maua. Karatasi za mama hazijakamilika, hawezi kuvuka mpaka. Njoo wewe, Chep."

Chepkoech hakumwambia kwamba alikuwa ameshaomba viza ya Marekani kwa siri, ili amshtukize uwanjani, na kwamba alikuwa amenyimwa. Aliona haya, na hakutaka kumharibia msimu.

"Siku hiyo nitakuwa na zamu," alisema.

"Siku nzima?"

"Siku nzima, Brice."

"Haya," akajibu, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake.

Siku ilipofika, Jumamosi mchana mwezi wa tatu, kina mama wa Kongo na Burundi walikusanyika katika ukumbi wa kanisa lao Parkdale, wakaunganisha televisheni ili wamwone mtoto wao. Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi humo humo, kwa hiyo televisheni ilinyamazishwa. Chepkoech alishindwa kukaa nyumbani. Alikuja na bakuli la mandazi, akaketi nyuma. Mama Brice alimjua kama "yule Mkenya mwenye adabu, rafiki wa Brice," basi.

Brice akatokea, jezi nyeupe, mrefu kama mlingoti. Alikuwa amemshika mkono msichana mwenye nywele za rangi ya dhahabu, gauni la buluu na shada la maua. Walitembea polepole. Walipofika katikati ya uwanja alimkumbatia, na watu elfu nzima wakasimama kupiga makofi.

Kina mama wale walikuwa wamewaoza mabinti wengi. Kijana kumshika msichana mkono mbele ya watu, kwa maua, kwao kulikuwa na maana moja tu.

"Mama Brice! Mutoto amekuletea mukwe!"

Vigelegele vikapaa mpaka kwaya ikanyamaza. Donatienne alifunika uso kwa kitenge akilia kwa furaha, kisha naye akapiga, vyake vikawa virefu kuliko vya wote.

Chepkoech aliweka bakuli mezani, akachukua koti lake, akatoka. Hakuna aliyemwona isipokuwa Généreuse, kiongozi wa kwaya. Alimkimbilia na skafu aliyoisahau, akamfunga shingoni taratibu.

Jioni ile Brice alipiga simu mara sita. Haikupokelewa. Jumatatu Chepkoech alitia sahihi ya kwenda Thunder Bay, akamtumia Brice maneno manne: "Msimu wako uishe vizuri." Brice akayasoma ndani ya basi la timu, akajiambia: hakutaka kuja, na sasa hanitaki. Naye akanyamaza. Wenye kiburi huumia kimyakimya, na kila mmoja hudhani kaumia peke yake.

Timu ile ndogo ikashinda kanda yake, ikaingia mashindano makubwa ya Machi, jambo ambalo chuo hakikuliona kwa miaka thelathini. Mechi ya kwanza wakatolewa kwa kikapu kimoja. Kesho yake mchana Brice, akifungasha vitu vyake bwenini, alimpigia mama yake.

"Pole, mwanangu. Mulicheza muzuri. Na mukwe wangu anasema nini?"

"Mukwe gani?"

"Ule wa maua. Mwenye nywele kama ndevu za mahindi."

"Ella? Mama, Ella ndiye anatujaziaka maji! Miaka mine anafua jezi zetu. Naye alikuwa anamaliza, na wazazi wake walikufa. Nikamwambia, tutembee sisi wawili, tusio na watu hapa."

"Yesu wangu," Donatienne alisema. "Na sisi tulipiga vigelegele."

"Wapi?"

"Kanisani, watu wote. Hata yule Mkenya wako, na mandazi yake."

Brice akaketi juu ya sanduku. "Alikuwa hapo? Aliniambia ana zamu. Mama... yule ndiye."

Donatienne hakungoja kuelezwa zaidi. Alijifunga kitenge chake kizuri cha kijani, akavaa koti, akabadili treni mara mbili mpaka chumbani kwa Chepkoech. Alimkuta akipanga vitabu katika maboksi.

"Mwanangu, miye ndiye nilipiga kupita wote," alisema akiwa bado mlangoni. "Nilipiga mahali si pake. Nimekuja kuomba musamaha."

Akamweleza habari za Ella. Chepkoech akalia, kisha akasema yake: viza, siri, uongo wa zamu.

"Niliona haya, Mama."

"Haya ya nini? Miye pia huo mpaka umenifungia. Ungeniambia, tungeliona haya pamoja."

Akapiga namba ya mwanawe, akamwambia habari ya viza, akampa Chepkoech simu, akatoka nje na kufunga mlango nyuma yake.

"Chep?"

"Mtu wa maji hajambo?"

"Hajambo. Anasema nikuombe radhi, ama hafui tena jezi yangu."

Walicheka.

"Mbona hukuniambia mambo ya viza?"

"Mbona hukuniuliza mara ya pili?" Akajipangusa macho. "Brice, nimeshatia sahihi. Naenda Thunder Bay mwaka mzima."

"Basi nitakuja kukusindikiza," Brice alisema.

Mwisho wa Aprili alimbebea mizigo mpaka kwenye basi. Akaipakia. Kisha akapanda, akakunja miguu yake mirefu, akaketi kando yake.

"Unaenda wapi?"

"Nakusindikiza."

"Watu husindikizwa mpaka kituoni!"

"Hiyo ni kwenu, Wakenya."

Njiani, mjini Sudbury, Brice alishuka, Chepkoech akadhani ndiyo kwaheri. Akarudi na chai mbili. Walipita misitu ya misonobari na maziwa ambayo barafu yake ilikuwa bado haijayeyuka, na mahali pengine Chepkoech akawa amemlalia begani. Mchana wa siku ya pili walisimama mbele ya nyumba aliyopangiwa, upepo wa ziwani ukiwapiga usoni.

"Haya, tumefika," alisema Chepkoech. "Utarudi lini?"

"Kwetu anayesindikiza harudi mwenyewe. Anangoja anayesindikizwa amwambie: inatosha, rudi. Basi, niambie."

"Nisipokuambia?"

"Itabidi wajomba zangu wafunge safari ya Kericho, kwa baba yako."

Chepkoech akafungua mlango, akaenda jikoni kutafuta sufuria ya chai.

Wajomba walikwenda. Brice siku hizi anafundisha watoto wa shule za Thunder Bay mpira wa kikapu. Ni Aprili ya tatu hii, na Chepkoech bado hajamwambia arudi.