Nataka Sauti Yako

Siku Hamdiya alipokutana na Yaarub kwa mara ya kwanza, Yaarub alikuwa amembeba yeye kwapani.

Ilikuwa Hamriya, mtaa wa Maskati, alasiri ya Alkhamisi, katika duka la kuchapa mabango lililobanwa baina ya fundi saa na muuza vitambaa. Watu walijaa mpaka nje. Hamdiya, abaya yake ina uzi wa zambarau mikononi, alikuwa akiuliza bango lake li wapi, na mwenye duka, mtu mwenye haya, alikuwa ameinama akilitafuta tena chini ya meza. Ndipo akaingia mwanamume mrefu wa kanzu nyeupe, kofia imekaa upande, jasho linamtiririka.

"Ndugu yangu," alimwambia mwenye duka, "mimi niliagiza tangazo la magari. Nimelichukua mpaka dukani kwangu Wattaya, nalifungua mbele ya wateja, namkuta mwanamke ananiangalia."

Akalikunjua. Uso wa Hamdiya ukatanda meza nzima, na chini yake maneno ya Kiarabu ya kuwaambia watu kwamba sauti yao ni amana.

"Yarabi," Hamdiya akasema kwa Kiswahili, akijifunika uso kwa ushungi.

Yule mwanamume akageuka. "Kumbe wa kwetu. Kwa hivyo, bibie, unatafuta sauti?"

"Sauti nnayo, inatosha darasa zima. Mimi mwalimu. Nnatafuta kura."

Wakacheka. Hamdiya alilelewa Unguja mpaka utoto ulipokwisha, na kwake kura ni kura, na sauti ni ile itokayo kooni. Yaarub alizaliwa Maskati, akasema Kiswahili na mama yake na Kiarabu na ulimwengu uliobaki. Kwake, kama Waarabu wasemavyo, sauti ndiyo kura.

Alilikunja tena lile bango ampe. Hamdiya akaona kwamba alilikunja polepole, akihakikisha mkunjo haupiti usoni. Jambo dogo, lakini alirudi nalo mpaka nyumbani Sib.

Ndivyo walivyoanza. Simu ikawa haipoi. Yaarub alikuwa akimpigia kila alipofunga duka la magari.

"Mheshimiwa ameshakula?"

"Usiniite mheshimiwa. Bado sijachaguliwa."

"Mimi nshakuchagua. Hao wengine wamechelewa."

Hamdiya alimweleza kwa nini anagombea Baraza la Shura, bunge la Oman. Alikuwa akiwaona wanafunzi wake wanasubiri basi la shule juani, wadogo wamejikunyata kwenye kivuli cha nguzo ya taa, wanapeana zamu. Aliandika barua, alipiga simu, alijibiwa vizuri na hakufanyiwa kitu. Yaarub hakumcheka. Siku ya pili alipita mwenyewe kuwaona wale watoto, akawaachia maji ya baridi.

Wazazi wakaanza kujuana. Mama yake Yaarub alishaulizia kipimo cha pete. Kisha orodha ya wagombea wa Sib ikatoka, na ndani yake mlikuwa na jina la Harub, ami yake Yaarub, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Mzee alikuwa amejiandikisha siku ya mwisho bila ya kumshauri mtu.

Yaarub alimpeleka Hamdiya pwani ya Sib, akanunua chai ya karak, ile nzito ya maziwa, wakakaa garini, akakigeuza kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

"Sema," Hamdiya akamwambia. "Mama kasema nini?"

"Kasema mkwe hashindani na mkwewe mbele ya watu. Kasema nichague."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nimekuja kukuuliza. Ungeweza kungoja miaka minne?"

"Kungoja ndoa au kungoja baraza?"

"Baraza. Ndoa mimi siwezi kuingoja, Hamdiya."

Ndege ilipita chini juu yao ikielekea uwanjani, wakaitazama mpaka ilipotua.

"Kinamama nimewaangalia machoni nikawaahidi," Hamdiya alisema. "Nikijitoa leo watasema, yule Zinjibari aliyetoka Unguja kapewa mume, kanyamaza. Na msichana mwingine akitaka kusimama kesho, watamkumbusha mimi."

"Sijakwambia ujitoe. Nimekuuliza tu."

"Mtu haulizi asichokitaka, Yaarub."

Akashuka garini. Alitembea kwa miguu mpaka kwao, na lile gari likawa linamfuata taratibu kwa mbali, kuhakikisha amefika. Hamdiya alilisikia njia nzima na hakugeuka. Kutogeuka kule kulikuja kumtesa kuliko maneno yote.

Asubuhi yake hakuweza kunywa chai. Alimpigia, simu haikupokelewa. Akampigia tena. Mwisho akabonyeza simu, akamrekodia maneno huku analia:

"Yaarub, nnajua umeghadhibika. Sikuombi kitu kingine. Nataka sauti yako tu. Nipe sauti yako, basi, nitatosheka."

Jibu lilikuja mchana, limeandikwa: "Hilo siwezi kukupa. Nshamwahidi Ami Harub. Nisamehe."

Hamdiya alilisoma amesimama jikoni, kisha akalisoma amekaa sakafuni. Kwa hivyo ami amemkataza asiseme naye. Na yeye, mwanamume mzima, ametoa ahadi. Hata neno moja la kumtuliza roho limekuwa la kuombewa ruhusa.

Mama yake, Bi Mahbuba, aliingia akamkuta pale. Hakumuuliza. Alikaa sakafuni karibu yake, magoti yake yale mabovu, akamshika mkono mpaka adhana ilipolia.

Wiki zilizofuata zilikuwa kama kutembea ndani ya maji. Hamdiya alikwenda nyumba kwa nyumba, akakaa kwenye mazulia ya watu, akala tende za watu, akaeleza habari ya kivuli cha watoto na huku moyo wake unaangalia simu iliyomo mkobani. Kinamama walimpokea vizuri, na kupokewa vizuri huko kulimkatisha tamaa zaidi.

"Mwanangu, wewe mzuri," mmoja alimwambia, akimwongezea kahawa. "Lakini simu yangu anayo mume wangu, na kura ni kwa simu."

Mwengine alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole, "Na hasa hasa, nyinyi ni watu wa wapi?"

"Wa hapa, mama. Mimi na babu zangu."

"Eh. Lakini mnasema kama watu wa kule."

Hamdiya akaaga, akatoka. Akaona anagombea kiti asichoweza kukipata, na kwa ajili yake amempoteza mtu aliyekwisha kumpata. Usingizi ukamhama. Pete ya majaribio, ile ya shaba aliyotumiwa kupimia kidole, alikuwa akiivaa ndani ya nyumba na kuivua mlangoni.

Kisha koo likafunga. Kwanza likakwaruza, halafu likabaki la mnong'ono, na siku ya kupiga kura alipoamka na kutaka kumsalimia mama yake, haukutoka hata mnong'ono. Bi Mahbuba alimchemshia tangawizi. Hamdiya akakaa na kikombe, mgombea asiye na sauti, akaona hata kucheka hawezi.

Mchana mlango ukagongwa. Alikuwa Noof, mdogo wake Yaarub, kajitanda mpaka puani kama mwizi. Akavua viatu haraka, akavileta ndani visionekane.

"Usimwambie mtu kama nimekuja. Dada Hamdiya, nimekupa sauti yangu."

Hamdiya alimwangalia. Akaonyesha koo lake, akafungua mikono: umenipa nini?

"Sauti, dada. Kura. Sasa hivi, kwa simu. Kaka naye alitaka kukupa, wallahi, lakini alishamwahidi ami kabla. Ile siku ulipomwomba, alikaa garini akalia. Kasema, kumbe mimi kwake ni kura moja tu. Nimemkosa, na kitu cha pekee alichokitaka kwangu ni sauti."

Kikombe kilimtoka Hamdiya mkononi.

Neno lilelile walilolicheka siku ya kwanza. Yeye alikuwa amelia kwa Kiswahili, na Yaarub akamsikia kwa Kiarabu, akadhani safari hii ameamua kusema kwa lugha yake. Wiki zote zile kila mmoja amelala na jeraha ambalo mwenzake hakumtia.

Alishika simu, akampigia. Ikapokelewa.

"Alo?" Ilikuwa sauti yake hasa, nzito, imechoka. "Hamdiya?"

Akafungua mdomo. Pumzi tu.

"Kama ni ile habari," Yaarub alisema polepole, "nshapiga. Nimempa ami. Usiniombe tena, tafadhali." Simu ikakatika.

Noof alikuwa akiokota vigae, analia bila ya kujua kwa nini. Hamdiya akamwandikia Yaarub: "Sauti ya kooni, Yaarub. Si ya kura. Nilitaka kukusikia tu."

Hakupata jibu. Laasiri ikaingia, kura zikafungwa, jioni majina yakasomwa. Hamdiya hakuwamo. Bi Mahbuba aliizima televisheni, akasema, "Wewe kwangu ulishapita," akaenda kutia wali.

Kesho yake Hamdiya alikuwa amejilaza, simu ikalia.

"Usijibu," Yaarub akasema. "Noof kanambia koo limekufunga. Nisikilize tu. Ujumbe wako nimeufungua leo tu, nikiwa na mteja. Nikamwacha ndani ya gari, naye mpaka sasa sijui kalinunua au kaondoka nalo." Akavuta pumzi. "Mimi ni punguani, Hamdiya. Ulinililia, nami nikahesabu kura. Uliitaka sauti yangu. Basi hii hapa. Nitakusomea bei za magari ukitaka."

Na kweli akamsomea. Gari moja baada ya jingine, rangi zake, viti vyake, lipi limegongwa likapakwa rangi upya. Hamdiya akaiweka simu juu ya mto, akalaza shavu, machozi yakawa yanashuka sikioni.

Ijumaa wakaja kuposa. Mama yake Yaarub hakuja. Moyo wake ulikuwa bado. Lakini alituma chupa ya asali ya mlimani, kafunga kitambaa kwa mkono wake, na salamu: ya koo la binti. Aliyekuja na Yaarub alikuwa Ami Harub mwenyewe, kilemba kizuri, fimbo mkononi. Naye alikuwa ameshindwa.

"Mzee Nasr," alimwambia baba yake Hamdiya sebuleni, "Sib imetukataa sote wawili, mimi na binti yako. Sasa na sisi wenyewe tukatane?"

Baba akaja mpaka mlango wa ndani, ambako Hamdiya alikuwa amekaa na mama yake, kavaa nguo ya rangi ya komamanga.

"Mwanangu, umeposwa na Yaarub. Unasemaje?"

Kimya. Mzee akatabasamu, akageuka kurudi sebuleni. "Mwanamwali akinyamaza ndiyo karidhia," alisema.

Hamdiya akamvuta kanzu. Akatikisa kichwa. Mzee akaduwaa, na sebuleni watu wakaacha vikombe vyao hewani, kwani mlango ulikuwa wazi na Yaarub alikuwa ameinuka nusu.

Hamdiya hakutaka ndoa yake ihesabiwe kwa kimya. Alisafisha koo. Haikutoka kitu. Akasafisha tena, akashika ukuta, akalazimisha, na ilipotoka ilikuwa imepasuka kama mlango wa zamani, lakini ilifika mpaka sebuleni.

"Sauti yangu," alisema, "nampa Yaarub."

Kisha akasikika Ami Harub, akijipangusa macho kwa ncha ya kilemba.

"Alhamdulillahi. Angalau ukoo wetu umepata moja."