Mzigo wa Wavu Mtupu

Wavu ulikuja mzito, wavuvi wawili wakauvuta huku wakihema, na ulipofika mtumbwini ulikuwa mtupu. Hilo ni la kawaida. Hata mimi nimewahi kutongoza miezi sita nikavuta mtupu. La ajabu ni kwamba mtumbwi ulididimia, kana kwamba umepakia mtu wa tatu.

Mwenye mtumbwi walimwita Domokaya. Pale mlangoni mwa mto, maji baridi yanapokutana na ya chumvi, wenzake walitupa nyavu kimya. Yeye aliwabembeleza samaki: "Karibu nyumbani, mpenzi! Mke wangu kapika, na kitanda ni kipana!"

"Shemeji, nyamaza," mdogo wa mkewe, aliyekuwa naye mtumbwini, alimwambia. "Hujui nani anasikia."

"Akisikia, aje na unga wake."

Alikuja. Jioni ile nyumba ilinuka tope. Kesho yake maji ya mtungini yakawa na chumvi. Siku ya tatu mke akaacha kula, akaingia ndani ya pipa la maji na kukaa humo, macho hayapepesi, na kila alipovuta pumzi shingo yake ilifunguka na kujifunga pande zote mbili, taratibu, kama ya samaki aliyetupwa mchangani, huku kitu kikicheka kifuani mwake kwa sauti ya mapovu, na mumewe amesimama mlangoni, akipiga kelele aitiwe mganga.

Mganga alifika mchana, akanusa, akakataa kiti.

"Mgeni hufukuzwa na aliyemkaribisha," alinong'ona. "Mtazame mkeo usoni, sema 'toka kwangu' mara tatu. Ukikatisha, hatoki tena."

"Toka kwangu," Domokaya alisema. Maji ya pipani yakatokota bila moto.

"Toka kwangu."

Shingo ikaziba. Macho yakapepesa. Mke akamtazama, machozi yakimlengalenga, sauti ni ile ile ya miaka kumi na tisa ya ndoa yao:

"Mume wangu, unanifukuza mimi? Nimekukosea nini?"

"Maliza!" mganga alisema kwa hofu. "Siyo yeye!"

Domokaya akafungua mdomo. Ukabaki wazi. Akamkumbatia.

Mganga akachukua viatu vyake, akatoka bila kuaga.

Mwili ule ulikuwa wa baridi na unateleza, ukitabasamu begani pake. Ndipo akasikia, kutoka mbali sana chini ya maji ya pipa, mkewe akilia:

"Ilibaki moja tu, mume wangu. Moja tu."