Mahali Alipolala Nekruz

Siku hiyo Mehrangez, jirani yetu hapa Dushanbe, alikuwa ofisini kwake mchana kweupe, chai ya kijani ikipoa kando ya kompyuta. Alikuwa anamalizia video ya pande zote, ile ambayo mtu huvaa miwani mikubwa inayomfunika macho, akigeuka anaona milima nyuma yake, akiinama anaona ardhi chini ya miguu yake. Ilihusu Sangidara, kijiji kilichofukiwa na maporomoko ya tope. Jumba la makumbusho lilikuwa linaisubiri.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Kamera ya aina hiyo huona kila kitu, hata miguu ya stendi yake yenyewe. Mehrangez alichukua kipande cha tope kutoka pembeni ya picha, akakibandika pale chini kuifuta stendi, kisha akaiacha kompyuta ichakate.

Alijitahidi asikumbuke stendi ile ilisimamishwa wapi.

Siku ya kupiga picha, Bibi Sabohat, ambaye nyumba yake ilisalimika pembeni mwa tope, alikuwa amewaonyesha mahali hapo mwenyewe, yeye na mpiga picha wake. "Hapa msikanyage, wanangu. Mjukuu wangu Nekruz yuko chini hapa. Walichimba, hawakumfikia." Mehrangez aliweka mkono kifuani, akaahidi. Lakini hapo ndipo bonde lote lilipoonekana, na mto, na paa moja lililochomoza kwenye tope. Bibi alipoingia ndani kuwachemshia chai, Mehrangez akamnong'oneza Shodmon, yule mpiga picha, "Sogeza stendi hapo haraka, kabla hajatoka."

Walipomaliza waliinywa ile chai. Wakala na mkate wake.

Video ilipokamilika, Shodmon alivaa miwani kuikagua. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akausifia mto. Kisha akainama.

"Dada, kazi safi. Ila utani basi."

"Utani gani?"

"Niachie mguu."

Mehrangez alikuwa upande wa pili wa chumba.

Shodmon alivua miwani taratibu. Hakuangalia chini. Alichukua koti lake akatoka, na lifti hakuisubiri.

Mehrangez aliirudia kazi. Akabandika tope jingine, kutoka upande mwingine, akachakata upya. Safari hii alivaa miwani mwenyewe. Milima. Mto. Akainama. Tope lilikuwa jeusi, limelowa, limetulia. Halafu likapanda kidogo. Likashuka. Kama blanketi juu ya mtu anayevuta pumzi.

Kitu cha baridi kikamgusa kifundo cha mguu. Vidole. Havikubana. Vilishika tu, kama mtoto anavyoshika gauni la mtu sokoni asije akapotea.

Hilo ndilo lililomliza.

Asubuhi alipanda gari hadi Sangidara, miwani yenye ile video mkobani, akakiri yote mlangoni hata salamu hazijaisha. Bibi Sabohat hakumkaripia.

"Nilijua," alisema. "Mlipoondoka niliona matundu ya miguu ya ile stendi yenu kwenye tope."

"Nisamehe, bibi. Nitaifuta ile video sasa hivi, mbele yako."

"Kwanza nione."

Akamvisha miwani. Bibi aligeuka polepole, akainama. Mkono wake ukapapasa hewani, ukasimama. Akaanza kunong'ona kama mtu anayembembeleza mtoto alale. "Una baridi. Mbona mikono yako ina baridi hivi?"

Alipoivua, viganja vyake vilikuwa na tope bichi. Na huko nje mvua ilikuwa haijanyesha tangu theluji iyeyuke.

"Usiifute," alisema. "Niachie."

Mehrangez angeweza kukataa. Kila anaposimulia, akifika hapa husema hivyo: ningeweza kukataa. Lakini alikwisha kumdanganya yule bibi, akamlia na mkate wake. Angemnyima nini tena? Akamwachia.

Wiki iliyofuata majirani wa bibi walimpigia simu. Bibi Sabohat hayupo. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani, wakauvunja. Miwani walikuta iko chini kwenye zulia, bado ina joto la uso wa mtu.

Mehrangez alikuwa na nakala ofisini. Aliifungua kwenye kioo cha kompyuta tu. Kuivaa hakuthubutu. Milima ilikuwepo. Mto ulikuwepo. Tope lilikuwa limetulia kabisa, halipandi wala halishuki.

Ukingoni mwake, mahali ambapo siku ya kupiga picha hapakuwa na kitu, palikuwa na viatu viwili vya mpira, vya mwanamke mzee, vimekanyagika visigino. Vilikuwa vimepangwa sawasawa, kama mtu anavyovivua mlangoni anapoingia kwake.