Taa Inayokula Maongezi

Mvua ya Tukuyu ilikuwa imenyesha miaka mingi bila kupumzika, hata watoto wakadhani jua ni jina la mtu. Sola zikaota kuvu. Ndipo wahandisi wa mji wakaunda taasemi, taa inayokula maongezi. Ndani yake mlikuwa na utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Sauti za watu zikiutikisa, mtikisiko unageuka umeme. Mji ukang'aa kwa umbeya. Nyumba yenye ugomvi ilionekana toka ng'ambo ya mlima, na yupo mama mkwe aliyeunguza balbu zote za ukoo kabla chai haijachemka.

Tusajigwe na mumewe Ipyana, wabishi wote wawili, walikuwa na mwanga wa kuanikia nguo. Kisha Ipyana akaenda sayari ya Mirihi kuchimba barafu, na taa ya sebuleni ikazimika.

Akaitwa Lusekelo, fundi na rafiki wa Ipyana. Akapanda kwenye stuli, akachomoa balbu, akaifuta, akairudisha. Giza. Akakwangua kutu kwenye holda, akafungua swichi, akapima waya kwa testa. Giza lile lile. Yote aliyafanya kimya kama mwizi, maana Tusajigwe alimwekea sharti mlangoni: sebuleni asitamke neno. Mwanga wa mle ulikuwa wa maneno ya Ipyana tu.

"Shemeji," alisema walipotoka nje barazani, "taa yako ni nzima kuliko mimi. Ina njaa tu."

"Njaa ya nini? Kila jioni Ipyana ananipigia, tunaongea mpaka koo linakauka!"

"Ukimwuliza neno, jibu linakuja baada ya muda gani?"

"Namenya chane nzima ya ndizi kabla halijafika."

"Basi ndipo penye tatizo. Mirihi ni mbali, sauti inachelewa njiani. Na watu walikuwa wanaidanganya taasemi kwa redio, kwa hiyo iliundwa upya imeze tu neno lililojibiwa papo hapo. Neno linalongojea jibu, kwake ni redio."

"Kwa hiyo mimi na mume wangu hatuongei?"

"Mnaongea, shemeji. Taa ndiyo haijui."

"Irekebishe ijue."

"Haiwezekani. Twende mle tupige soga kidogo, itawaka."

"Sitaki mwanga wa kuazima."

Mara simu ikaita sebuleni, na sauti ya Ipyana ikajaa chumba. "Tusa! Leo umepika nini?"

Tusajigwe akakimbia ndani. "Ndizi na maharage! Ila chumvi imezidi!"

Alisimama gizani, uso ameuinua kwenye balbu, akingoja jibu. Lusekelo, pale mlangoni, akashindwa kuvumilia.

"Chumvi yako huzidi kila siku."

"Nani kakuambia?" alifoka kabla hajajizuia.

"Mumeo."

"Mwongo mkubwa! Yeye ndiye anaiongeza nikigeuka!"

"Anasema ukigeuka yeye huongeza maji."

"Maji! Ndiyo maana mchuzi ulikuwa mwepesi!"

Taa ikawaka, kwanza kama kaa la moto, kisha nyeupe pee. Tusajigwe akaona kiti cha Ipyana, vumbi juu yake, na alama ya kichwa chake ukutani alipozoea kuegemea. Akaziba mdomo. Lusekelo naye akanyamaza, akiona haya.

Mwanga ukaanza kushuka. Kiti kikafifia, alama ukutani ikawa kivuli.

"Lusekelo," aliita kwa sauti ndogo. "Alisema nini kingine?"